Kalemie: Taa inayowaka sana si lazima iwe taa nzuri ya ndakala

Jua likizama nyuma ya vilima vya Kalemie, ziwa linageuka kuwa mji wa pili. Taa zinawaka moja moja, na chini ya kila taa kuna watu wanaotafuta ndakala. Asiyejua kazi hiyo anafikiri mwanga ndio kila kitu. Bahati mbaya hata wavuvi wengine wamefika kufikiri hivyo: wanaingia sokoni na swali moja tu, ipi inawaka zaidi? Swali hilo limetia watu wengi katika deni.

Wazee walivua kwa moto wa kuni na majani. Kuanzia miaka ya 1950 karabai zikaenea ziwani, na sasa taa za LED zimezifukuza. Hakuna sababu ya kuililia karabai: ilikunywa petroli usiku kucha, na tone moja la maji baridi lilitosha kupasua kioo chake. Lakini ilikuwa na wema mmoja. Ikiharibika, mvuvi aliifungua mwenyewe na kuitengeneza. Taa nyingi za leo zimefungwa kwa gundi, na zikizimika ni za kutupa.

Kwa hiyo jambo la kwanza si ukali wa mwanga bali ni muda. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ikimalizwa zaidi ya nusu kila usiku inakufa haraka. Zinabaki 600 za kutumia. Taa 4 za wati 15 zinakula 60 kwa saa, basi zinafika masaa 10. Ukiweka taa 4 za wati 30, zimekwisha masaa 5. Aliyewasha saa moja ya jioni yuko gizani saa sita ya usiku, na samaki wamerudi chini. Tena wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka. Muuzaji anayetaja wati peke yake hajasema kitu, na namba kubwa iliyoandikwa kwenye karatoni mara nyingi ni ya kuvutia macho tu.

Jambo la pili, ambalo wauzaji karibu hawalitaji, ni uwezo wa kupunguza mwanga. Anayevua kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, wavu ukiwa chini, anajua kwamba samaki waliotawanyika hawafai kitu. Wanakuja juu kwa sababu wadudu wadogo wa majini wanafuata mwanga, na kabla ya kuinua wavu ni lazima wakusanyike mahali pamoja. Taa inayoshuka polepole inawakusanya. Ile inayojua kuwaka na kuzimika tu inawashtua. Kwa kazi hiyo, kitufe kidogo cha kupunguza mwanga kina thamani kuliko wati 20 za kuongeza.

Rangi pia ina maana, ingawa si kubwa kama wanavyodai wengine. Maji ya Tanganyika ni safi. Mwanga wa buluu na wa kijani unashuka mbali, mwekundu unakwisha karibu na juu. Nyeupe inatosha. Anayelipa mara mbili kwa ajili ya kijani afikirie kwanza.

Maji ndiyo adui mkubwa. Alama ya IP65 inamaanisha taa inavumilia maji ya kurushwa. IP67 inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapopandisha mawimbi, tofauti hiyo inaonekana. Na kila mtumbwi uwe na tochi ya pembeni yenye betri yake, isiyoguswa kwa kuvua. Ni ya kurudi nyumbani, au ya kuonyesha mlipo mashua kubwa ikija gizani.

Kuna upande mwingine ambao kapita wengi hawapendi kuusikia. Nchi nne za ziwa, yaani Congo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha pia kwamba joto la ziwa linapopanda, maji ya chini yenye rutuba hayachanganyiki vizuri na ya juu, na chakula cha samaki kinapungua. Ziwa la namna hiyo halitazaa ndakala zaidi kwa sababu taa zimekuwa kali. Kila timu ikiongeza mwanga, jirani naye ataongeza, na wote watagawana samaki walewale, wadogo wakiwemo, kwa gharama kubwa zaidi.

Na deni halifungwi 15 Mei. Aliyechukua taa kwa mkopo, kwa masharti ya kumuuzia mkopeshaji peke yake samaki kwa bei ya chini, anaendelea kudaiwa miezi yote 3 bila kushika wavu. Heri likelemba ya timu mbili tatu, inunuliwe betri moja nzuri na taa za kadiri. Vyama vya wavuvi navyo vingeweza kujaribu aina chache kwa pamoja kabla ya msimu, badala ya kila mtu kujaribu kwa mfuko wake.

Wakati huo ukingojewa, ndoo ya maji inapatikana kwa muuzaji yeyote. Taa izamishwe humo ikiwa inawaka, nusu saa nzima, kabla ya kuhesabu franga.