Mtoto wa selimundu na meno yake

Ikiwa nyumbani mna mtoto mwenye selimundu, bila shaka mwajua kumkinga na baridi na malaria. Je, kinywa chake mwakikagua?

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama. Chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu na kuziba mishipa myembamba, yakazuka maumivu makali. Maji yakipungua mwilini, maumivu huchochewa, na mate nayo hupungua. Mate ndiyo yanayoosha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya asidi inayotoboa meno. Jino likioza na kutunga usaha, laweza kumrudisha mtoto hospitalini.

Basi mpeni maji mara kwa mara. Hata shuleni abebe chupa yake. Akinywa dawa yenye sukari, asukutue kinywa. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mpelekeni kwa daktari wa meno kabla jino halijauma, na mwambieni kwamba ana selimundu.

Na akilalamikia taya au jino lisilo na tundu, msimkemee kuwa anadeka. Huenda ni mishipa iliyoziba, mpelekeni hospitalini.