Kumbukumbu Kwanza, Fahari Baadaye

Kijana wa Nanganga, penye njiapanda ya kwenda Ruangwa, au wa Masasi na Newala, aliyeazimia kujiundia kompyuta kwa fedha za korosho na kuagiza vipuri Kariakoo, hana budi kutambua kwamba prosesa ya thamani kubwa ni israfu iwapo kumbukumbu ya muda (RAM) ni haba; kwani prosesa, hata iwe hodari vipi, ikikosa nafasi ya kuweka kazi iliyo mbele yake hulazimika kuingojea diski, nayo ni nzito mno.

Rai yangu, basi, ni hii: kwa masomo, hesabu na maandishi, atosheke na prosesa ya wastani, fedha itakayobaki aitie katika kumbukumbu ya GB 16, nayo iwe vipande viwili vya GB 8, ili data ipite njia mbili kwa pamoja. Aidha, ahakikishe ulinganifu wa ubao mama na kumbukumbu kabla ya kulipa, maana ubao wenye soketi ya prosesa ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, haukubali ila kumbukumbu ya aina ya DDR5, na ile ya DDR4 haiingii kabisa.

Wauzaji nao ni faradhi wayabainishe hayo waziwazi, kwa kuwa mnunuzi aliye mbali hutegemea uaminifu wao.