Shokomzoba si anasa

Tangu lami ilipoteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, pamezuka miongoni mwetu watumishi wa umma imani moja ambayo, kwa maoni yangu, ni ya hatari. Nayo ni kwamba taabu ya magari imekwisha. Waliofanya kazi katika wilaya ya Mbinga kabla wilaya ya Nyasa haijamegwa kutoka humo mwaka 2012 wanakumbuka jinsi kilomita zile zipatazo 66 zilivyoweza kula nusu siku wakati wa mvua, na jinsi abiria walivyoshuka kusukuma gari mahali ambapo leo mtu hupita akisinzia. Jiwe la msingi la lami hiyo liliwekwa mwezi Aprili 2019. Ni neema kubwa kwa wananchi wa mwambao, wala sina nia ya kuibeza.

Lakini yafaa tujiulize: magari yanayoteremka kwa lami hiyo ni yapi? Mengi ni yale yale. Ni magari yaliyopigwa na mawe ya njia ya zamani mwaka baada ya mwaka, na ambayo hadi leo, yakimaliza lami pale Mbamba Bay, huingia katika vumbi na makorongo kuelekea Liuli na Lituhi. Barabara imepata umbo jipya, na gari limebaki na miguu yake ya zamani. Zamani dereva alikwenda kilomita 20 kwa saa kwa sababu barabara haikumruhusu zaidi. Leo lami inamruhusu 80, tena katika mteremko unaomtoa katika milima ya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, tofauti ya kimo isiyopungua mita 700, na kona zake zote.

Siku chache zilizopita nilipanda gari la ofisi moja ambayo sitaitaja. Mita yake ilikwisha kupita kilomita laki tatu. Katika mteremko ule, kila tulipokutana na kiungo kidogo cha daraja au kiraka, nyuma ya gari ilinyanyuka, ikatua, ikanyanyuka tena, na katika kona mkia ulikuwa ukitafuta njia yake wenyewe. Nilimwuliza dereva kulikoni. Akanijibu kwa upole, “Mzee, hili haliendi, linaogelea. Shokapu zimekufa. Nimeandika kwenye kitabu mara tatu.” Nikamwuliza ofisi ilifanya nini. “Wamenunua matairi mapya.”

Jibu lile ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Shokomzoba, au shokapu kama wasemavyo mafundi wetu katika magereji, ni kifaa ambacho kila mtu hukitaja na ni wachache wanaojua kazi yake. Wengi hudhani kwamba ndicho kinachobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, springi hujikunja na kuweka ndani yake nguvu ya pigo lile, na papo hapo hutaka kuirudisha. Ikiachiwa peke yake itaruka, itashuka na kuruka tena, mara nne au tano, kabla haijatulia. Kazi ya shokomzoba ni kuizuia springi isiendelee kucheza. Ndani ya mrija wake mna oili na pistoni yenye matundu madogo. Springi ikitaka kurudi kwa ghadhabu, pistoni hulazimika kuisukuma oili ipite katika matundu hayo, nayo oili haipiti ila polepole. Nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto na kupotelea hewani.

Mwalimu anayetaka mfano wa kuwaeleza wanafunzi wake hana haja ya kwenda mbali. Autazame mlima wowote wa Umatengo. Wazee wetu walichimba ngoro katika miteremko mikali, mashimo yaliyopangwa safu kwa safu na kingo za udongo uliofunika majani. Mvua haizuiwi kunyesha. Inapokelewa shimoni, inavunjwa nguvu, kisha inazama ardhini taratibu, na udongo unabaki mahali pake. Ngoro zikibomoka, mvua ile ile iliyokuwa ikilisha shamba hulichukua shamba. Ndivyo ilivyo springi isiyokuwa na shokomzoba.

Sasa tufike penye hoja yenyewe. Katika ofisi nyingi, orodha ya matengenezo inapofika mezani kwa mwenye kuidhinisha fedha, hupunguzwa. Oili ya injini inabaki. Breki zinabaki, kwani hapana mkubwa anayetaka kusikia kwamba alikata breki. Matairi hubishaniwa kidogo, kisha hukubaliwa. Shokomzoba hufutwa, kwa sababu katika fikra za mkubwa huyo ni kitu cha starehe: gari litarusharusha kidogo, watumishi watavumilia, nchi bado inajengwa. Fikra hiyo inaonekana kuwa ya ubanaji matumizi, na kwa kweli ni ya upotevu.

Breki haisimamishi gari. Breki husimamisha gurudumu. Kinacholisimamisha gari ni mpira wa tairi kushikana na barabara, na tairi haliwezi kushikana na kitu ambacho halikigusi. Gari lenye shokomzoba zilizokufa likipita mahali pasipo sawa, magurudumu yake hudundadunda. Kwa nukta chache tairi huelea au hugusa chini kwa wepesi mno, na nukta hizo ndizo dereva anazohitaji pale mtoto wa shule anapokatiza barabara. Anapokanyaga breki, pua ya gari huinama, nyuma huinuka, na uzito wote hukimbilia mbele. Umbali wa kusimama huongezeka, hasa penye mashimo na mawimbi. Kwa hiyo mwenye kuidhinisha breki na kufuta shokomzoba amenunua kisu akakataa mpini.

Hasara haiishii hapo. Tairi linalodundadunda halilikii sawasawa. Huliwa vipandevipande, likafanya mabonde unayoweza kuyahisi ukipitisha kiganja juu yake. Ndiyo maana nilicheka, cheko la uchungu, niliposikia habari za matairi mapya ya lile gari. Matairi hayo yatakwenda njia ya yale ya kwanza. Baada yake zitafuata bushi na boljointi, kisha nyufa katika chesisi pale vishikio vinapokatika. Kila kimojawapo kitaombewa fedha kwa fomu yake, kwa tarehe yake, na hapana atakayeona kwamba fomu zote zile zimezaliwa na mama mmoja.

Mtu atauliza: ikiwa ubovu huu ni mkubwa hivyo, mbona madereva hawaoni mapema? Wapo wanaoona, kama yule wangu. Lakini shokomzoba haifi kwa kishindo. Hudhoofika kidogo kidogo, na dereva anayelishika gari kila siku huizoea hali yake mpya bila kujua, kama vile mwalimu aonaye watoto wake kila asubuhi asivyotambua kwamba wamerefuka hadi mgeni amwambie. Huanza kupunguza mwendo kwenye kona ambayo zamani hakupunguza, akadhani ni busara ya umri.

Kinachoziua upesi katika sehemu zetu ni joto na vumbi. Barabara ya changarawe ikikaa bila kuchongwa hufanya mawimbi yaliyopangana kama matuta ya viazi. Juu ya mawimbi hayo pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika, oili hupata moto, huwa nyepesi, hutoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Wakati huo huo vumbi na changarawe hukwaruza mhimili unaoingia katika mrija, na mkwaruzo hukata sili. Kuanzia hapo oili huvuja. Atakayechungulia chini ya gari ataona mrija umelowa na kushikwa na tope jeusi.

Tena kuna mzigo. Tusifichane, ndugu zangu. Gari la Serikali linalokwenda Liuli kwa kazi ya ukaguzi mara nyingi hurudi na kazi nyingine kabisa nyuma yake: magunia ya usipa, ndoo za mbasa, na mchele wa shangazi ya mtu. Nyuma ikilala, fundi wa kando ya barabara hushauri kuongeza jani la springi. Gari husimama wima na wote huridhika. Kumbe springi iliyoongezwa ukali hurudi kwa nguvu zaidi, na shokomzoba ambayo ilikwisha kushindwa na springi ya zamani haiwezi kitu mbele ya hii mpya.

Ninalolifikiria zaidi ni gari la wagonjwa. Mama aliyeshikwa na uchungu katika kijiji cha mwambao, ambaye mganga wa zahanati ameona hawezi kumhudumia, hulazwa nyuma ya gari hilo na kupelekwa hospitali, iwe Liuli, Litembo au Mbinga, kutegemea alipo na hali yake. Muuguzi anayemshika mkono hana mkanda. Chupa ya maji inayoning'inia inabembea. Kwa mama huyo kila pigo lisilovunjwa nguvu na shokomzoba huvunjwa nguvu na mwili wake. Na gari hilo likipinduka, taarifa itasema mwendo kasi. Pengine ni kweli. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza pia kuliweka barabarani gari bovu, na sheria hiyo haikusema kwamba gari bovu ni lile lisilo na breki tu.

Wapo watakaokumbusha miaka ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na gari zima likalala miezi kwa kukosa kipuri kimoja. Wakati ule mafundi wetu waliitoboa shokomzoba iliyokufa, wakaijaza oili na kuichomelea, nasi tukashukuru. Walifanya hivyo kwa shida, na walistahili sifa. Lakini leo duka la vipuri liko Mbinga, liko Songea, na ufundi ule bado unaendelea, sasa kwa sababu ya urahisi wa bei. Shokomzoba iliyotobolewa haina tena kipimo chake, na zile zinazojazwa gesi hupoteza gesi yote tundu linapotobolewa. Hatari ya siku hizi ni nyingine: mali ya bandia iliyofungwa katika boksi zuri. Ofisi inayonunua kwa kutazama bei ya chini peke yake itainunua hiyo, na baada ya mvua moja itarudi dukani.

Walimu nao wanahusika, hata wasiopanda gari la Serikali. Wengi sasa hununua kwa mkopo wa SACCOS gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Hukagua injini, rangi na redio. Gari hilo lina miaka kumi na tano au zaidi, na shokomzoba zake mara nyingi ni zile lilizozaliwa nazo. Namba ya kilomita katika dashibodi isiaminiwe sana. Inaweza kurudishwa nyuma, na shokomzoba haisomi namba hiyo. Watengenezaji wengi hushauri zikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000 na kufikiriwa kubadilishwa zikikaribia 80,000. Hesabu hiyo ni ya barabara nzuri. Anayeishi Lituhi aikate.

Kuzikagua si elimu ya juu. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wa mwili, uachie. Gari linapaswa kuinuka mara moja na kutulia. Likiendelea kunesa, zimekwisha. Kipimo hiki hakitoshi, maana yapo magari yenye springi ngumu ambayo hayatikisiki kwa mkono, kwa hiyo mrija utazamwe kama umelowa, tairi lipapaswe, na gari lijaribiwe barabarani. Zikibadilishwa, zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto kwa pamoja. Kufunga mpya upande mmoja na kuacha nzee upande wa pili ni kulifanya gari lichechemee, na katika breki ya ghafla litavutia upande mmoja. Katika magari madogo ambayo springi imezungushwa juu ya shokomzoba, kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kibano cha kuikunja springi, kwani springi ikifyatuka inaua. Baada ya hapo magurudumu yapimwe ulinganifu wake.

Wakati mwafaka kwetu ni mwezi Mei, mvua zikiwa zimekatika na kabla magari hayajaanza safari za msimu wa kahawa. Ukaguzi wa Mei hutoa orodha, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo anayesema kwamba hakuna kifungu cha fedha anasema tu kwamba hakuinama kuchungulia chini ya gari mwezi Mei. Karakana yoyote hutengeneza kile kilichoandikwa katika hati ya maombi. Kisipoandikwa, au kikiandikwa na kufutwa, fundi hana kosa.

Dereva yule niliyesafiri naye amekwisha kuandika mara ya nne. Safari hii alinifuata nilikofikia na kitabu mkononi, akaomba abiria aliyekuwamo garini aweke sahihi chini ya maneno yake. Nimeiweka, pamoja na tarehe.