Dinosaria wa bethidei ya mtoto wa staa: shabiki aliyetukanwa ndiye alikuwa sahihi!

Wikiendi iliyopita mitandao ilichafuka. Staa mmoja wa filamu za Bongo, yule anayeposti jumba lake kuliko kazi zake, alimfanyia mwanawe bethidei ya kutimiza miaka 6. Kila kitu kilikuwa dinosaria: keki, maputo, mpaka meza nzima ya midoli. Hapo hakuna ubaya. Mtoto ana haki ya kufurahi na mama ana hela zake.

Noma ilianza shabiki mmoja, anayejitambulisha kuwa mwalimu wa sekondari, alipoandika kistaarabu kabisa: "Hongera sana dada, ila hao wengine wamekosewa, na wengine sio dinosaria. Halafu mwambie mtoto kuna wa kwetu kabisa, wa Lindi." Staa akajibu: "Tengeneza wako basi. Hayo mambo ya Wazungu, mtoto wa Kibongo Lindi inamhusu nini?" Timu yake ikamshukia mwalimu kama mwewe. Njaa, wivu, kiherehere, majina yote aliitwa.

Kwani mwalimu alikosea wapi? Ngoja meza ikaguliwe, mdoli mmoja mmoja.

T. rex wa kijani: Mvuto anao, mdomo wazi na meno kibao. Usahihi sifuri. Amesimama wima kama kangaroo, mkia unaburuzwa chini. Wataalamu walishaachana na mkao huo miaka mingi. T. rex alitembea mgongo ukiwa umelala, mkia umenyooka hewani ukibalansi kichwa kizito. Na kila mkono ulikuwa na vidole viwili, sio vitatu kama wa mezani. Kiwandani wanapenda asimame wima kwa sababu mdoli wa miguu miwili huanguka, hivyo mkia unakuwa mguu wa tatu. Sawa, ila huo ni ujanja wa plastiki, sio elimu.

Velociraptor: Wa mezani ana ngozi ya mamba na analingana na T. rex. Mnyama mwenyewe, wa kule Mongolia, alikuwa saizi ya bata mzinga, na mwaka 2007 zilitangazwa alama za manyoya kwenye mfupa wa mkono wake. Yaani alikuwa kama ndege mwenye hasira. Filamu ndizo zilizomkuza na kumnyonyoa.

Mwenye mabawa ya ngozi na mwenye tanga mgongoni: Hawa wote wawili sio dinosaria. Wa mabawa ni pterosaria, ukoo wa pembeni. Wa tanga ni Dimetrodon, aliyetoweka mamilioni ya miaka kabla dinosaria wa kwanza hajatokea, na kiukoo yuko karibu zaidi na binadamu kuliko na T. rex. Mwalimu bao la pili.

Sasa yule mwenye shingo ndefu. Kwenye video mtoto hamwachii, kamkumbatia mpaka anakata keki. Boksi limeandikwa Brachiosaurus. Na hapa ndipo jibu la staa linapomrudia mwenyewe.

Brachiosaurus halisi alitajwa mwaka 1903 kutokana na mifupa ya Marekani, lakini mifupa ile ilikuwa pungufu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakachimba kilima cha Tendaguru, Lindi, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji. Mamia ya wenyeji ndio waliochimba na kubeba mizigo kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa pale pale alipewa jina lake: Australodocus bohetii.

Mifupa ikaenda Berlin, ikaunganishwa, na mpaka leo mnyama huyo amesimama makumbusho, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Kwa miaka mingi naye aliitwa Brachiosaurus, na wachoraji na watengeneza midoli walimwangalia yeye. Baadaye ikaonekana ni mnyama tofauti, sasa anaitwa Giraffatitan. Kumbe ile sura maarufu, kichwa chenye nundu na miguu ya mbele mirefu, kwa sehemu kubwa imetoka Lindi! Ndiye huyo huyo "mjusi" ambaye wabunge wetu wamekuwa wakimuulizia bungeni. Mama anasema Lindi haimhusu, mtoto kakumbatia Lindi.

Wapo watakaosema bethidei sio mtihani, acheni watoto wacheze. Kweli, hakuna anayetaka mtoto anyang'anywe T. rex wake wa kijani. Ila mama huyu alishaposti tangazo la boksi hilo hilo, kwamba ni "midoli ya elimu". Ukishachukua hela ya tangazo na kutaja elimu, kubali kusahihishwa na mwalimu.

Na wanaodai usahihi unaua raha wamtafute Kentrosaurus, naye wa Tendaguru. Mabamba shingoni, kisha miiba mirefu kuanzia mgongoni mpaka ncha ya mkia. Hahitaji kuongezewa chumvi. Makampuni ya nje yanamtengeneza na watoto wa huko wanamjua kwa jina, wakati watoto wa hapa wanaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu.

Mpaka sasa staa amefuta koment ya mwalimu, matusi ya mashabiki wake kayaacha. Kufuta ni rahisi. Kumwambia mwanawe "huyu uliyemkumbatia asili yake Lindi" ni rahisi zaidi, na haina gharama hata shilingi moja.

Wadau, mwalimu aombwe radhi au apotezewe? Tiririkeni hapo chini.