Lawama za wafanyakazi dhidi ya Walmart na maduka makubwa Afrika Mashariki

Walmart ni kampuni ya Marekani ya maduka makubwa ya bei nafuu. Ilianzishwa na Sam Walton mwaka 1962 huko Rogers, jimbo la Arkansas, na makao makuu yake yako Bentonville katika jimbo hilohilo. Ina wafanyakazi milioni 2 hivi duniani. Hakuna kampuni binafsi yenye wengi kuliko hao. Kwa miaka mingi vyama vya wafanyakazi vimeilaumu kwa mishahara midogo, kwa kuwazuia wafanyakazi wake wasijiunge na vyama, na kwa kuwabana wanaoiuzia bidhaa ili bei yake ibaki chini.

Afrika Mashariki iliguswa na mjadala huo mwaka 2011, Walmart iliponunua asilimia 51 ya hisa za Massmart ya Afrika Kusini. Massmart ilikuwa mmiliki wa maduka ya Game, likiwemo la Mlimani City, Dar es Salaam. Mkulima wa kabichi wa Lushoto anaweza kuuliza: hayo yanamhusu nini? Yanamhusu, kwa sababu swali lililo ndani yake ni moja: bei ikishushwa, nani anayeilipa tofauti?

== Marekani na Kanada ==

Maduka ya Walmart nchini Marekani hayana chama cha wafanyakazi. Mwaka 2000 wakata nyama wa duka moja la Jacksonville, Texas, walipiga kura kujiunga na chama. Wiki chache baadaye kampuni ilitangaza kwamba maduka yake mengi yatauza nyama iliyokwisha kukatwa na kufungwa. Huko Jonquière, Quebec, wafanyakazi walipata chama mwaka 2004, na duka likafungwa Aprili 2005. Mahakama Kuu ya Kanada iliamua mwaka 2014 kwamba kufunga huko kulivunja sheria ya kazi ya Quebec. Hukumu ilikuja miaka tisa baada ya watu kupoteza kazi.

Mwaka 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wanaoishi kwa kusaidiwa chakula na matibabu na serikali. Walmart ilitajwa miongoni mwa waajiri wenye watu wengi wa aina hiyo. Ni haki kusema kwamba kampuni yenye wafanyakazi wengi itaonekana juu katika orodha yoyote. Kampuni yenyewe hujibu kwamba inatoa ajira na mafunzo, kwamba bei zake huwasaidia maskini, na kwamba mwaka 2023 ilipandisha kima chake cha chini hadi dola 14 kwa saa.

== Kesi ya Afrika Kusini ==

Katika Afrika nzima, hoja hizi zilichambuliwa kwa kina zaidi mbele ya Baraza la Ushindani la Afrika Kusini. Chama cha wafanyakazi wa biashara, SACCAWU, pamoja na wizara tatu za serikali, vilipinga masharti ya ununuzi wa Massmart. Hofu yao haikuwa mishahara ya madukani tu. Walisema Walmart ina uwezo wa kununua bidhaa Asia kwa bei ambayo kiwanda cha Afrika Kusini hakiwezi kuifikia. Basi atakayeumia ni mshona nguo au mfanyakazi wa kiwanda cha vyakula ambaye hajawahi hata kuingia Game.

Mei 2011 Baraza liliruhusu ununuzi kwa masharti. Kwa miaka miwili mtu asipunguzwe kazi kwa sababu ya muungano huo, mikataba na chama iheshimiwe, na randi milioni 100 zitengwe kuwasaidia wauzaji wa ndani. Machi 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani iliongeza kwamba wafanyakazi 503 walioachishwa kazi mwaka 2010 warudishwe. Mwezi Oktoba mfuko wa wauzaji uliongezwa. Walmart haikuzuiwa, wala serikali haikuifungulia mlango bila kuuliza kitu. Hilo ndilo la kujifunza katika kesi hii.

== Kuja na kuondoka ==

Game haikudumu kwetu. Mwaka 2021 Massmart ilitangaza kuuza maduka 14: Nigeria 5, Ghana 4, Kenya 3, Uganda 1 na Tanzania 1. Mnunuzi hakupatikana, na mwishoni mwa 2022 yakafungwa.

Wengine walikuwa wametangulia. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, ya Kenya pia, ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015 na kuacha madeni. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Katika kuanguka huko, wafanyakazi na wauzaji walikaa foleni moja ya kudai fedha zao.

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima awape taarifa na kushauriana nao. Aliyefanya kazi zaidi ya mwaka hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka kumi. Chama kinachohusika na wafanyakazi wa biashara ni TUICO, na mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vijana wanaoteremka Mombo kwenda kuuza maduka Dar es Salaam wangefaa kuyajua haya kabla ya kupanda basi.

== Mboga za Usambara ==

Kabichi, karoti, nyanya, viazi na pilipili hoho za Lushoto huenda zaidi kwenye masoko ya Dar es Salaam, kupitia madalali. Sehemu ndogo huingia supamaketi na hotelini. Kwa muda mrefu wakulima wameambiwa kwamba supamaketi ndiyo itakayowaokoa na dalali. Kwa upande mmoja ni kweli: supamaketi hupima kwa kilo. Lakini huchagua, na karoti iliyopinda hurudi kwa mwenyewe. Tena hulipa kwa ankara baada ya wiki kadhaa, wakati dalali hulipa papo hapo. Duka likifilisika katikati ya wiki hizo, mkulima amekwisha kulikopesha bila kujua.

Wala nguvu ya mnunuzi haikuletwa na Wamarekani. Lumbesa ni mfano wa nyumbani: gunia la viazi linaongezwa kipande juu na kushonwa kwa kamba hadi kuzidi kilo 100, kisha linanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo hupiga marufuku, lakini mwenye lori ndiye anayesubiriwa barabarani, na viazi vinaoza.

Chini ya mkulima yupo kibarua, mara nyingi mwanamke, anayebeba mzigo kichwani kutoka bondeni hadi lori linapofika. Yeye hana mkataba wala ankara. Viazi vilivyozidishwa katika lumbesa amevipandisha mlima yeye, na malipo yake ni ya mzigo mmoja.