Kabla ya Kulaumu Mchezo wa Video, Tutazame Malezi Yetu

Katika miji ya Migori, Rongo, Awendo, Oyugis na Homa Bay, vibanda vya michezo ya video vimekuwa sehemu ya maisha ya vijana, kama viwanja vya kandanda vilivyokuwa kwa baba zao. Kwa shilingi chache kijana hupewa kidhibiti, akaketi mbele ya runinga na kuisahau dunia. Wazazi wengi, pamoja na baadhi ya walimu wenzangu, hushikilia kwamba vibanda hivi vinawafunza wavulana wetu kuwadharau wanawake, na kwamba dawa yake ni kuvifunga. Nusu ya kauli hiyo naiafiki. Nusu ya pili naipinga, kwa kuwa inamwondolea lawama mtu asiyestahili kuondolewa, yaani mzazi, na pamoja naye sisi walimu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa Donkey Kong, ambamo mwanamume hupanda ngazi ili kumwokoa mwanamke aliyetekwa na sokwe. Mwaka 1985 ukafuata Super Mario Bros. Humo mwanamke alipandishwa cheo akawa binti mfalme, lakini kazi yake ikabaki ile ile ya kungoja kuokolewa. Alipotokea Lara Croft katika Tomb Raider mwaka 1996, wengi walidhani mambo yamegeuka, maana huyu alikuwa mwanamke jasiri na mjuzi wa mambo ya kale. Hata hivyo, waliomtangaza kibiashara walishughulika zaidi na umbo lake kuliko akili yake. Na katika Grand Theft Auto V, uliotolewa mwaka 2013, wahusika wakuu watatu ambao mchezaji huwaendesha ni wanaume watupu, ilhali wanawake wengi waliomo ni makahaba, wacheza uchi au wake wa kuchekwa.

Hata mchezo wa kandanda, ambao ndio kipenzi cha vijana wetu, haukusalimika. Mfululizo wa FIFA ulianza mwaka 1993. Timu za wanawake hazikuonekana humo hadi mwaka 2015, katika toleo la FIFA 16, nazo zilikuwa timu 12 tu za taifa. Kwa muda wa miaka 22, mtoto aliyejifunza kandanda kwenye runinga alijifunza pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba mwanamke hachezi. Hivyo haishangazi kumsikia kijana akiapa kwamba wasichana hawajui mpira, ingawa timu ya kwanza kabisa ya kandanda kutoka Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia ilikuwa ya wasichana: Junior Starlets, waliocheza Jamhuri ya Dominika mwaka 2024 katika mashindano ya walio chini ya umri wa miaka 17.

Basi sina nia ya kuitetea michezo hii. Ninalouliza ni hili: je, ndiyo iliyopanda mbegu, au inaimwagilia maji tu?

Nenda katika kibanda chochote mjini Migori saa kumi na moja jioni, uhesabu wasichana. Mara nyingi hutahitaji hata vidole vya mkono mmoja. Wako wapi? Msichana wa rika hilo yuko kisimani, au yuko jikoni akipuliza moto, au anaosha vyombo huku amembeba mdogo wake mgongoni. Kule Mbita na Muhuru, huenda yuko ufuoni akimsaidia mama yake kuanika omena. Kaka yake, waliyezaliwa naye tumbo moja, ana saa mbili za kucheza kwa sababu dada hana hata dakika moja. Burudani ya mvulana imelipiwa kwa jasho la msichana. Mvulana huyu hakufundishwa na mashine kwamba wanawake waliumbwa ili wamtumikie. Alifundishwa na sahani iliyoletwa mbele yake, akala, akaiacha pale pale, na dada yake akaitwa aje kuiondoa. Alipofika kibandani alikuwa amekwisha kuhitimu.

Ushahidi mwingine umo katika historia yetu wenyewe. Katika fuo za ziwa kuna desturi mbaya iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Wengi wa wavuvi walioieneza walikua kabla umeme haujafika vijijini mwao. Kule Kuria, wasichana wameendelea kukeketwa ingawa sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku jambo hilo, na wazee wanaoamuru kisu kinolewe hawajapata kushika kidhibiti. Mwaka 1997 Bi. Phoebe Asiyo, aliyekuwa mbunge wa Karachuonyo, aliwasilisha bungeni hoja ya kuongeza nafasi za wanawake katika uongozi. Hoja hiyo iliangushwa na Bunge ambalo karibu lote lilikuwa la wanaume. Hakuna hata mmoja wao aliyelelewa na PlayStation. Walilelewa na sisi.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayechukua mambo ya runinga akayafanya maisha. Jibu langu ni kwamba jamii zetu hazikuamini hivyo hata siku moja. Kwa Wajaluo, watoto walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aitwaye pim, wakasimuliwa hadithi. Hadithi hizo zilikuwa burudani, na zilikuwa shule. Baadhi yake zilimtia mwanamke doa: Luanda Magere, shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe, aliangamia baada ya mkewe kutoa siri kwamba nguvu zake zimo kivulini. Lakini nyingine zilifunza kinyume chake. Kule Gwassi, Nyamgondho alimvua mwanamke mzee kutoka ziwani, akamwoa na kutajirika. Alipomtukana, mwanamke yule alirudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima, ambalo husemwa kuwa kijiji kilichozama baada ya wenyeji kumnyima mwanamke mzee hifadhi. Mtoto aliyezisikia hadithi hizi mbili alijua kwamba kumdharau mwanamke kuna gharama.

Sisemi kwamba siwindhe ilikuwa pepo ya usawa. Nasema kwamba palikuwa na mtu mzima. Mtoto aliweza kuuliza kwa nini, naye msimulizi akajibu, au akamuuliza yeye. Kibandani hakuna pim. Mwenye kibanda anatazama saa ili ajue muda wa nani umekwisha, na hadithi humwingia mtoto bila swali hata moja. Tukivifunga vibanda leo, mchezo utahamia katika simu, na hapo hata yule mwenye kibanda hatakuwapo.

Jambo hili linatuhusu walimu kuliko tunavyodhani. Katika shule nilizofundisha, za kaunti zote mbili, nimeona kisa kimoja kikijirudia katika somo la kompyuta. Kwa kuwa mashine ni chache, wanafunzi wanne au watano huketi mbele ya moja. Kipanya hushikwa na mvulana. Msichana hupewa kalamu na daftari ili aandike majibu. Hakuna aliyewaamuru. Mvulana amezoea kushika vifaa, kuvibonyeza, kukosea na kurudia bila kukemewa. Msichana amezoea kuambiwa asiguse, ataharibu. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kusambaza tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, ilifikiria idadi ya vifaa. Nani atavishika, hilo liliachiwa sisi. Nasi tukinyamaza, mtihani wa kazi za kesho umekwisha kutungwa na kusahihishwa ndani ya vibanda ambamo msichana hakukanyaga.

Wala tusijidanganye kwamba msichana hana kipawa. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls walifika fainali za shindano la Technovation huko California kwa kubuni i-Cut, programu ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Wao wenyewe walitoka katika jamii isiyokeketa, waliwafikiria wenzao. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kushindana katika mchezo wa Tekken. Na mwaka 2022 wapiga kura wa Homa Bay walimchagua Bi. Gladys Wanga kuwa gavana wao. Penye nafasi, uwezo hujitokeza. Kinachokosekana ni nafasi, na nafasi hugawanywa kwanza nyumbani.

Nipendekeze basi yaliyo katika uwezo wetu. Mwalimu wa fasihi, leta mchezo wa video darasani kama unavyoleta ngano au riwaya. Waulize wanafunzi: mhusika mkuu ni nani? Nani anatenda, na nani anatendwa? Mwanamke akiondolewa katika hadithi hii, kitapungua nini? Mwanafunzi anayeweza kuchambua tamthilia hashindwi kuchambua mchezo anaoujua kwa moyo. Mwalimu wa kompyuta, weka zamu, na kila mmoja ashike kipanya kwa muda ulio sawa. Mwalimu wa zamu, chunguza ni nani hutumwa kuchota maji na kuosha vikombe vya walimu, na ni nani hutumwa kubeba meza na kupiga kengele. Ratiba hiyo nayo ni somo, ingawa haimo katika silabasi.

Kwa mzazi nina ombi moja: kazi za nyumbani zigawanywe kwa siku, si kwa jinsia. Mvulana aoshe vyombo Jumatatu, na msichana apate Jumatatu hiyo ya kusoma au hata kucheza. Wazee watauliza kama unataka kumgeuza mwanao kuwa mwanamke. Wajibu kwamba anayekula kwenye sahani hapotezi uanaume kwa kuiosha.

Nanyi wanafunzi wavulana, sikuombeni mwache kucheza. Ila leo jioni, kabla hujatoka nyumbani kwenda kibandani, uliza ni nani anayefanya kazi ambayo ungepaswa kuifanya wewe. Katiba yetu ya mwaka 2010 inatangaza usawa wa wanawake na wanaume, na inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vinavyochaguliwa, sharti ambalo Bunge halijapata kulitimiza. Wabunge watakaolitimiza wako madarasani mwetu sasa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hawakusema kwamba mtoto anayenenwa ni wa kike peke yake.