Karamu Huhesabiwa kwa Mikono, Si kwa Kilo

Ukienda kuagiza keki ya arusi, ya mahafali ya chekechea au ya mtoto aliyetimiza mwaka, swali la kwanza utakaloulizwa ni: ya kilo ngapi? Ndivyo keki inavyouzwa Kenya nzima, kwa mizani, kama nyama. Lakini shughuli yenyewe hapa Kwale, iwe ni Kona ya Musa, Ukunda au Msambweni, haina mizani. Huhesabiwa kwa mikono inayonyooshwa kwenye sinia, na idadi ya mikono hiyo haijulikani mpaka dua imekwisha na chai imeanza kumiminwa. Aliyealikwa huja na jirani, jirani huja na wanawe, na hakuna mwenye shughuli anayejiheshimu atakayesimama mlangoni kuhesabu vichwa. Hoja ya makala haya ni nyepesi: kwa karamu za namna hii, vitamutamu vidogo vya kuliwa kwa tonge moja au mbili vinatufaa kuliko keki kubwa ya krimu, na fedha zinazomalizikia kwenye kilo zingefanya kazi kubwa zaidi zikienda kwenye sinia.

Tuanze na hesabu. Keki kubwa hukatwa mbele ya watu, kwa haraka, na aghalabu na mtu ambaye hajawahi kugawa keki ya ukubwa ule. Vipande vya kwanza huwa vinene, kwa kuwa mkataji anaona bado ipo tele. Vya katikati huwa vyembamba. Vya mwisho ni makombo yanayookotwa kwa kijiko. Waliokaa mbele hushiba, walio nyuma ya hema hupata habari. Halafu kuna joto. Siagi huyeyuka inapofika nyuzi 32 hadi 35, na msimu wa kaskazi Pwani yetu hucheza papo hapo kwenye kivuli, sembuse chini ya turubai lililojaa watu. Keki iliyotoka kwenye friji ikiwa imenyooka, ikapakiwa kwenye tuktuk, ikarushwarushwa kwenye barabara ya vumbi na kusubiri hotuba tatu, hufika mbele ya wageni imekwisha kuinama upande. Kosa si la mwokaji. Ni keki iliyobuniwa kwa nchi za baridi kisha ikapewa kazi isiyoiweza.

Na sisi hatukuwa watu wasio na keki hata tuazime yote. Mwambao huu umejaa vitu vitamu ambavyo tangu mwanzo vilipimwa kwa kiganja. Kuna vileja, vya unga wa mchele, samli, sukari na iliki, ambavyo vikihifadhiwa kwenye mkebe mkavu hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Kuna kaimati zinazotumbukizwa kwenye shira zikiwa bado za moto, na ambazo hazina budi kuliwa siku iyo hiyo. Kuna visheti, kuna kashata za nazi na za njugu, kuna mkate wa sinia ambao mchele wake hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui na kuumuliwa kwa hamira. Kuna na mkate wa mayai, ambao kwa kweli ni keki kamili, laini kama sifongo, isiyohitaji siagi wala krimu. Vyote hivi huliwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Hakuna sahani ya kutafuta, hakuna uma, hakuna foleni.

Mkate wa mayai unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio jawabu la anayedhani vitu vidogo ni kazi ya wataalamu wa hoteli. Mayai sita, gramu 200 za sukari, gramu 200 za unga wa ngano na kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa vinatosha trei moja ya mstatili. Siri yote imo kwenye kupiga mayai. Hupigwa pamoja na sukari mpaka yageuke rangi, yawe meupe na mazito, na ukiinua mchapo ule uzi unaodondoka ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo ndipo unga uliochekechwa huingizwa kidogo kidogo kwa mwiko, kwa kukunja, si kwa kukoroga, kwa sababu hewa iliyomo ndiyo hamira pekee iliyopo. Asiye na oveni hupalia makaa juu ya mfuniko na kubakisha moto mchache chini, na anayetumia vifuu vya nazi kama kuni anajua jinsi vinavyotoa makaa makali. Kijiti kikitoka kikavu, mkate umeiva. Huachwa upoe kabisa, kisha hukatwa kwa kisu kinachopanguswa kila mara, safu nne kwa nane: vipande 32, vyote sawa, vyote vimekatwa jikoni kabla mgeni wa kwanza hajavua viatu. Mwenye shughuli akitaka vipande 320, atazidisha kwa kumi, wala hana haja ya kukisia kilo.

Sababu nyingine ni kile tunachokitia kwenye mchanganyiko. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Urusi ilipoivamia Ukraine mnamo Februari 2022, bei ya unga na ya mafuta ya kupikia ilipanda hata kwenye vibanda vya hapa petu, na waokaji wa mitaani ndio waliotangulia kuumia. Kwale, kwa upande wake, ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa minazi nchini, pamoja na jirani yetu Kilifi, na ina mikorosho ya tangu zamani. Mkate wa sinia na vileja havihitaji hata punje ya ngano. Kashata huhitaji nazi iliyokunwa, sukari na subira. Mtu akitaka kuonyesha ubunifu, korosho zilizokaangwa na kupondwa juu ya kipande cha mkate wa mayai zinapendeza macho na ulimi kuliko rangi ya chupa. Shilingi inayonunua nazi ya jirani huzunguka humu humu kijijini. Inayonunua makopo ya krimu haichelewi kupanda feri kuelekea Mombasa.

Pingamizi la kwanza ninalisikia kabla halijatamkwa: je, picha? Bwana na bibi arusi watakata nini? Watalishana nini mbele ya wazazi? Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa ibada ya kukata keki imekwisha kuota mizizi na watu wanaifurahia. Lakini tuikumbuke asili yake. Keki nyeupe ya arusi ilipata umaarufu Uingereza, na arusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 iliifanya itamaniwe kila mahali. Keki ile inasemekana ilikuwa na uzito wa ratili 300 hivi, yaani zaidi ya kilo 130. Na iliishia wapi? Ilikatwa vipande vidogo na kutiwa katika vijisanduku wakapewa watu, na baadhi ya vijisanduku hivyo vimehifadhiwa hadi leo. Hata huko ilikotoka, basi, kilichomfikia mgeni kilikuwa kipande kidogo. Suluhisho letu ni rahisi: okeni keki moja ndogo ya kukatwa na maarusi na kupigwa picha, kisha masinia ya vitamutamu yawafikie wote. Mnara wa kaimati au ngazi za vileja vilivyopangwa kwenye kombe hupigwa picha nzuri vilevile, na haviinami.

Wa pili watasema hivi ni vitu vya futari, vya kienyeji, na kwamba mgeni atadhani mwenyeji ameishiwa. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Anayefikiri hivyo na aingie katika hoteli yoyote kubwa ya Diani wakati wa karamu atazame meza ya vitamu. Atakuta keki zimekatwa ndogo ndogo, za tonge moja, zimepangwa safu kwa safu. Wapishi wale, wengi wao majirani zetu wa Ukunda, Kona ya Musa na Mwabungo, hawakati ndogo kwa uchoyo. Hukata ndogo kwa sababu mgeni hula vingi vya namna tofauti, hakuna kinachoachwa nusu kwenye sahani, na hesabu haipotei. Kile ambacho mtalii hulipia kwa fedha nyingi kikiitwa ustaarabu, hakiwezi kuwa ushamba kikiandaliwa uani kwa mama.

Pingamizi la tatu ni la riziki, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Kina mama na vijana wengi wamejifunza kuoka keki za kilo na wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Je, tunawanyang'anya tonge? Sioni hivyo. Keki kubwa ya krimu humtaka mwokaji awe na oveni ya maana, friji, meza ya kuzungushia, na umeme usiokatika usiku wa kuamkia shughuli. Masharti hayo humfungia nje aliye na jiko la makaa na ujuzi tu. Oda ya vipande 500 inaweza kugawanywa ndani ya chama: mmoja akaoka mkate wa mayai, mwingine vileja siku mbili kabla, wa tatu kaimati asubuhi ya siku yenyewe. Anayeoka keki za kilo tayari anajua kupiga mayai na kupanga vitu vikapendeza. Hana cha kupoteza akianza kuuza kwa kipande. Na kama kazi ni nyingi zaidi, basi bei ya kipande na iseme hivyo. Mteja anayelipa bila kunung'unika krimu itakayoyeyuka hana sababu ya kunung'unikia mikono iliyofanya kazi.

Limebaki suala la sukari, na hapa hatuna budi kuwa wakweli, kwani shira ya kaimati si dawa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoila mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, takriban gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Gawanya gramu 200 za mkate wetu wa mayai kwa vipande 32: kila kimoja kina gramu sita na kidogo. Krimu ya keki kwa kawaida huchanganywa sukari mara mbili ya uzani wa siagi, kwa hiyo gramu 30 tu za krimu juu ya kipande zina gramu 20 za sukari, kabla hujahesabu keki yenyewe. Ni kweli mtoto aweza kurudi kwenye sinia mara nne. Lakini anayerudi mara nne anaonekana na kukanywa. Aliyekabidhiwa bonge moja la krimu amekwisha kupewa yote mara moja.

Tuongeze na usafi wa mazingira. Tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia na sahani, vikombe na uma za plastiki za kutumiwa mara moja katika fukwe na maeneo mengine yaliyohifadhiwa nchini, na wengi wetu hupenda kufanyia sherehe za watoto ufukweni. Kileja hakina uma. Kashata haina sahani. Jani la mgomba linatosha kuvipokea vyote.

Basi kwa mwenye shughuli anayepanga arusi ya Mfunguo Mosi au mahafali ya mwisho wa mwaka, neno ni moja: ukiulizwa kilo ngapi, jibu kwa idadi ya mikono, kisha ongeza ya jirani.